Shajara ya yoga uani Gungu: mito ya maganda, mabega na kuachia

12 Mei 2024: Kabla ziwa halijafungwa

Tarehe 15 ziwa linafungwa. Uvuvi unasimama Ziwa Tanganyika hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na sisi tunaonunua dagaa wabichi kwenye mwalo wa Kibirizi, tukawaanika na kuwapandisha treni, tutakaa bila mzigo. Kila mtu hapa Gungu, Kigoma, anapiga hesabu ya atakula nini. Mimi nitamsaidia wifi yangu dukani kwake, na akiba kidogo ipo. Tatizo langu jingine ni mabega.

Yamekakamaa tangu mwaka jana. Nikishika simu, bega la kulia linapanda lenyewe mpaka karibu na sikio, na nikiamka asubuhi meno yamebanana kiasi cha kuuma taya. Hospitali nilipigwa picha, mifupa mizima. Nikaambiwa ni misuli, dada, pumzika. Sasa kupumzika ndiko kulikonishinda. Nikilala chali kichwa kinaanza kupanga magunia.

Kwa hiyo mradi ni huu: kujifunza kuachia kwa njia ya yoga, uani, bila vifaa vya dukani, na kuandika kila hatua ili mwenye mabega kama yangu aweze kuiga. Sitafuti kukunja mguu nyuma ya shingo. Tupo wanne: mimi, wifi, mpwa wangu anayevua kwa mtumbwi wa taa (naye hana kazi mpaka Agosti), na mama mkubwa wa nyumba ya pili, ambaye ana presha.

Swali la dini lilikuja kabla hata mkeka haujatandikwa. Tulilijibu hivi: yoga imezaliwa India na ina mizizi kwenye ibada za Wahindu, sisi tunachukua mikao na pumzi, hatuimbi wala hatutamki maneno ya ibada. Asiyeridhika asije, na hatubishani naye. Mama mkubwa alikwenda kuuliza kwa watu anaowaamini, akarudi na ushungi wake, akakaa.

20 Mei: Video za simu

Wiki ya kwanza tulifuata video. Sikushauri.

Mwalimu wa kwenye simu anakwenda mbio. Ukimaliza kuelewa mkono wa kushoto uende wapi, yeye yuko mkao wa tatu. Bando linaisha, na sote wanne tunakodolea kioo kimoja shingo zimepinda, jambo ambalo kwa mabega mabovu ni kinyume kabisa cha tulichokuja kufanya.

Kilichoharibika zaidi ni kuinama mbele ukiwa umekaa na miguu umeinyoosha. Mpwa wangu ana nguvu, anavuta nyavu usiku kucha, basi akavuta vidole vya miguu hivyohivyo anavyovuta wavu. Nyuma ya paja likamkaza, akachechemea hadi jioni.

Sababu inajulikana, na inafaa kuielewa kabla ya kwenda mbele. Ndani ya msuli mna vihisio vinavyopima jinsi unavyovutwa na kwa kasi gani. Ukivutwa ghafla, habari inakwenda kwenye uti wa mgongo na amri inarudi palepale, bila ubongo kuulizwa: jikaze. Ndicho daktari anachokipima anapokugonga chini ya goti kwa nyundo ndogo, mguu ukaruka. Kwa hiyo anayejivuta kwa nguvu ili alegee anapigana na kinga yake mwenyewe, na kinga hiyo haishindwi kwa ubishi. Ukiingia taratibu na kukaa dakika tatu au nne mahali ambapo mvuto ni mdogo tu, ulinzi unapungua wenyewe.

Wahindi walilisema mapema. Patanjali, mwandishi wao wa kale, katika mafungu yake mafupi kuhusu yoga, anataka mkao uwe thabiti na wa raha, kisha fungu linalofuata linasema njia ya kufika huko ni kulegeza juhudi. Nilipolisoma nikawaambia wenzangu video basi. Mikao iliyobaki ni mitatu: mkao wa mtoto (magoti chini, kifua kimelalia mapaja), miguu ukutani, na kulala chali. Kila mmoja dakika tano au zaidi.

2 Juni: Mto wa kwanza umekufa

Mkao wa mtoto ukaleta shida mpya. Mama mkubwa ana kiuno kigumu, kifua chake hakifiki kwenye mapaja, kwa hiyo anabaki ananing'inia. Mtu anayening'inia hawezi kuachia. Misuli ya mgongo lazima imshike asidondoke, na uking'ang'ania kumwambia "legea, mama" unamwonea bure.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya vifaa. B.K.S. Iyengar, mwalimu wa Pune aliyefariki 2014, alijulikana dunia nzima kwa kuwapa wanafunzi wake matofali, mikanda, mablanketi na viti, ili mwili mgumu upate pa kuegemea. Nilikuwa nadhani ni mambo ya wazungu ya kuuza bidhaa. Kumbe ndilo jambo lenyewe.

Nikanunua mabaki ya sponji ya godoro, Sh 6,000, nikayashindilia kwenye foronya. Siku ya kwanza ulipendeza. Baada ya siku chache ulikuwa umelala chapa, na hata ulipokuwa mpya uliruka-ruka. Kifua kikiwekwa juu yake kinazama, kisha kinasukumwa. Mama mkubwa alisema ni kama kulalia mtoto anayecheza. Sponji ikaenda kwa watoto wa jirani.

9 Juni: Mto wa maganda (huu ndio wa kuiga)

Nilikwenda kwenye mashine ya kukoboa mpunga upande wa Ujiji. Maganda magumu, yale ambayo watu huyachomea matofali, yanarundikwa nje. Usichukue pumba laini za kuku: zina mafuta, zinavunda na kuleta wadudu. Gunia moja Sh 1,500, bodaboda Sh 2,000.

Mto wa kwanza wa maganda ulishonwa kwa kitenge kimoja tu bila kitu ndani. Ulitema vumbi kila ulipoguswa, wifi akakohoa, na ncha za maganda zikapenya na kuchoma shavu. Nikajaribu kuutia ndani ya kiroba cha salfeti. Vumbi likaisha, ila kila ukipumua kinalia kwarakwara. Huwezi kutulia juu ya kitu kinachokujibu.

Kilichofaa ni marekani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Mfuko wa ndani wa marekani nzito, umeshonwa mara mbili kila mshono, na gamba la nje la kitenge lenye zipu ili lifuliwe. Kabla ya kujaza, pepeta maganda kwa ungo mahali penye upepo, ufunike pua kwa kanga, halafu yaanike juani siku nzima. Mwezi Juni upepo hautafutwi, upo.

Vipimo: mto wa mviringo, urefu sentimita 65, upana wa duara sentimita 22. Kila kitambaa kipande cha 70 kwa 75, na viduara viwili vya 25. Yadi mbili za kitenge zinatoa magamba mawili bila kubania, marekani vivyo hivyo. Jaza mpaka ukigonga kwa ngumi mto ukatae, kisha punguza bakuli moja. Hilo bakuli moja nalisisitiza. Mto uliojaa pomoni unakuwa gogo, na wa kwetu wa pili ulimpa mpwa wangu alama kifuani kabla hatujaupunguza. Mto uliokamilika una kilo tatu hivi.

Mama mkubwa alilalia wake jioni, paji la uso kwenye ncha, mikono imezunguka kama amekumbatia. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, naangalia mgongo wa gauni lake. Kwa muda hakuna kitu. Kisha kitambaa katikati ya mabega kikaanza kupanda na kushuka, mahali ambapo tangu Mei kilikuwa hakiendi popote, pumzi yake ilikuwa inaishia shingoni. Hakuna aliyemwambia kitu. Alipata pa kuegemea, basi.

30 Juni: Shuka nyeupe

Tarehe 21 ilikuwa siku ya kimataifa ya yoga, inayoadhimishwa tangu 2015 baada ya India kuipendekeza Umoja wa Mataifa. Sisi tuliiadhimisha kwa kuwatia watu hofu.

Mkao wa mwisho katika karibu kila kipindi cha yoga ni wa kulala chali, mikono kando, viganja juu, bila kutikisika. Kitabu cha karne ya 15 cha Svatmarama kinauita mkao wa maiti na kusema unaondoa uchovu na kutuliza akili. Jina hilo tulikuwa hatulitaji uani, kwa sababu wifi aliona ni uchuro na mimi sikuona haja ya kugombana. Tuliita "kulala chali". Jina tukalifunika, sura ya jambo ikabaki vilevile.

Jioni kulikuwa na ubaridi wa ziwa, nikaleta shuka za kujifunika. Zilizokuwa safi zilikuwa nyeupe. Basi wamelala watu watatu uani, kimya, wamenyooshwa, shuka nyeupe mpaka kidevuni, na mama mkubwa kwa sababu ya mbu akajivuta yake hadi juu ya uso. Akapita jirani kuomba kiberiti. Sijui alianza kupiga ukunga akiwa mlangoni au ameshafika katikati. Najua tu kwamba wote watatu walisimama kwa pamoja, na hilo ndilo lililomzidishia.

Watu wa mtaa walijaa. Tuliwapa chai, tukacheka, lakini mama mkubwa hakurudi kwa wiki nzima. Aliporudi alisema wazi: hatalala hivyo tena. Mume wake alizikwa mwaka juzi, na kunyooka chali kunamrudisha pale.

Nimefikiri sana kama nimbembeleze. Sikumbembeleza. Kuna walimu wanaosema mkao unaokutisha ndio unaouhitaji. Kwa mama wa miaka sitini na zaidi mwenye presha, hilo ni jeuri. Alilala kwa ubavu wa kushoto, goti la juu limewekwa juu ya mto wa maganda, kitenge cha rangi mabegani, uso wazi. Aliachia vizuri kuliko sisi wote. Kulala ubavu wa kushoto ndiko pia wanakoshauriwa wajawazito miezi ya mwisho, kwani kulala chali muda mrefu mimba huelemea mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo.

Kanuni za uani tangu leo: shuka za rangi, nyuso wazi, mlango umerudishwa na kitasa kimefungwa.

Hapo hapo niondoe suala la mifuko ya macho. Nilishona vifuko vya mchele vya kuweka juu ya macho, kilo moja Sh 2,500. Panya walikula viwili usiku mmoja. Vya mchanga wa ziwani vilikuwa vizito na vilibana jicho. Kanga iliyokunjwa inatosha.

6 Julai: Kuhesabu pumzi kumeshindikana

Karibu kila anayefundisha anasema vuta pumzi kwa hesabu ya nne, toa kwa sita. Msingi wake ni wa kweli: moyo hupiga haraka kidogo ukivuta pumzi na polepole kidogo ukiitoa, kwa hiyo kurefusha kutoa kunautuliza. Shida ni hesabu. Mimi ni mfanyabiashara. Ukinipa namba nitataka zitimie. Nilikuwa nafika tano nimeishiwa hewa, najibana ili nifikishe sita, na mabega yamepanda. Wifi alikuwa anahesabu kwa sauti ya ndani huku vidole vya miguu vimekunjamana, niliviona.

Tuliacha namba. Badala yake tunavuma. Kuna zoezi la zamani la yoga liitwalo bhramari, pumzi ya nyuki: vuta kwa pua kawaida, halafu toa kwa pua huku mdomo umefungwa na koo linavuma, mmmm, mpaka hewa iishe yenyewe. Sauti haiwezi kutoka haraka, kwa hiyo pumzi inajirefusha bila kuamrishwa. Na usivute inayofuata mpaka ije yenyewe. Meno yasigusane, ukiyabana utasikia mtetemo kwenye fizi, na hiyo ndiyo alama ya kukuambia ulegeze taya.

Mpwa wangu aliona haya kuvuma mbele ya wanawake, akawa anafanyia chumbani. Sawa tu.

Tahadhari moja: mwenye presha ya damu au presha ya jicho asifanye mikao ya kichwa chini. Miguu ukutani ni laini zaidi, ila mama mkubwa anaweka miguu juu ya kiti tu, tena baada ya kumuuliza mganga wake wa zahanati. Ukuta nao una gharama: rangi ya chokaa inabaki kwenye visigino, na yako inabaki ukutani.

21 Julai: Deni

Kuna jambo sijalieleza bado.

Mzigo wangu wa mwisho kabla ya kufungwa kwa ziwa niliutoa mali kauli kwa mtu wa mji mwingine. Tumefanya biashara naye miaka. Amechukua, ameuza, hajatuma. Kila nikilala chali, baada ya pumzi chache, namwona yeye na simu yake isiyopokelewa, na bega la kulia linaanza safari yake ya kwenda sikioni.

Watu wawili niliowaambia habari ya yoga waliniambia vilevile: basi si unajifunza kuachia? Mwachie. Nimelitafakari jambo hilo nikiwa chini kwenye mkeka na nakataa. Patanjali anaweka vitu viwili pamoja, mazoezi yasiyokatika na kutong'ang'ania, na katika makatazo yake ya mwanzo kuna kutojilimbikizia mali. Hakuna mahali nilipoona kwamba dagaa wangu wawe sadaka kwa mtu asiye maskini.

Nilichofanya ni kutenganisha deni na bega. Njia niliyotumia si ya India. Edmund Jacobson, daktari wa Marekani, alifundisha tangu miaka ya 1920 kwamba mtu asiyeweza kulegeza msuli akaze kwanza, ili autambue, kisha aachie. Basi nikilala, namfikiria yule bwana makusudi. Nakunja ngumi ya kulia kadiri ninavyoweza, napandisha bega mpaka mwisho, nabana taya, nashika kwa pumzi moja au mbili. Kisha naachia vyote kwa mpigo mmoja huku navuma. Yeye bado yumo kichwani. Bega liko chini. Nilikuwa sijui kwamba hivyo viwili vinaweza kutokea kwa pamoja.

Wenye presha wasikaze kwa nguvu wala wasizuie pumzi. Mama mkubwa anakunja vidole tu, polepole.

Deni nimelipangia siku: Jumatatu, saa tatu asubuhi, nikiwa nimekaa, simu mezani kwa spika, mikono mapajani. Siku nyingine sipigi. Sauti yangu imebadilika, wifi ndiye aliyesema. Zamani nilikuwa naanza kugombana kabla simu haijapokelewa.

4 Agosti: Gharama mpaka sasa

Mito minne: kitenge yadi nne Sh 14,000, marekani yadi nne Sh 10,000, zipu nne Sh 4,000, fundi cherehani Sh 3,000 kwa mto, yaani Sh 12,000. Gunia la maganda lilitosha yote minne, na bodaboda yake, Sh 3,500. Jumla ya mito Sh 43,500. Mikeka miwili mikubwa ya plastiki Sh 30,000. Vilivyopotea bure: sponji Sh 6,000, mchele wa panya Sh 2,500, bando la video Sh 6,000. Yote kwa yote Sh 88,000. Anayeanza leo kwa kufuata shajara hii anaondoa zile 14,500 za mwisho, na kama ana mikeka yake ya ukindu anabaki na mito tu.

Matofali tumetumia ya kuchoma yaliyobaki kwenye ujenzi, yamefungwa kitambaa. Hayagharimu kitu ila yanaacha vumbi jekundu; funga mara mbili.

Matokeo bila kutia chumvi: meno yangu hayabanani usiku mwingi wa wiki. Bega linapanda bado nikishika simu, ila sasa nalisikia linapopanda, zamani nilikuwa naliona kwenye kioo tu. Wifi analala mapema. Mpwa wangu anasema hajaona tofauti, ila kila siku yupo. Yule bwana ametuma nusu. Sidai ni yoga. Nadhani naye alikuwa anasubiri hela ya watu wengine.

18 Agosti: Ziwa limefunguliwa, na mwezi ni mkubwa

Muda wa katazo uliisha tarehe 15. Kibirizi ilikuwa na watu kuliko sokoni. Lakini mwezi mpevu ni kesho, na dagaa wa Tanganyika huvuliwa kwa taa: wanaifuata nuru kwenye giza, na mwezi ukimulika ziwa zima taa ya mtumbwi haiwaiti. Kwa kawaida siku za mwezi mpevu wavuvi hulala nyumbani. Safari hii, baada ya miezi mitatu, wengi wamekwenda hivyohivyo. Mpwa wangu alikwenda usiku wa kwanza, akarudi na kidogo, akaja uani moja kwa moja akalalia mto na suruali imelowa. Nimemfokea kwa ajili ya gamba la kitenge. Zipu ndiyo imetuokoa, tukalivua likafuliwa.

Mimi sijanunua. Bei ya asubuhi ilikuwa ya watu wenye njaa ya biashara, na zamani ningekuwa mbele yao nikisukumana. Nimeamua kungoja giza lirudi, mwisho wa mwezi.

Ratiba inabadilika. Mitumbwi ikianza kuleta mzigo alfajiri, asubuhi zangu ni za kuanika, kwa hiyo yoga inahamia baada ya alasiri, na siku za mwezi mkubwa, ambapo kazi inasimama hata bila amri ya serikali, tutafanya vipindi virefu. Wamama watatu wa kuanika dagaa wameomba kuingia. Mito yao iko kwa fundi, nimemwachia marekani na vipimo. Maganda sijapata, mashine imesema nirudi Alhamisi.